Je, Kumeza Dawa ni Kukosa Imani? Fikara juu ya Ndugu Zetu Waliojeruhiwa Ubongo



Swali la leo si geni katika makusanyiko yetu. Limeulizwa katika maombi ya usiku, limeulizwa katika vikao vya wamama, na limeulizwa hata mbele ya kitanda cha mgonjwa, mahali ambapo halikustahili kuulizwa kwa sauti ya juu. Linasema hivi: mtu wa Mungu aliyeumia kichwa, akiwa anaombewa, je, aendelee kumeza dawa ya mganga? Kama anameza, imani yake iko wapi? Na kama anapona, tumshukuru nani?

Sitaki kulijibu kama mtu aliyesimama mbali. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa parokia yetu, mwendesha pikipiki ya kubeba watu, aligongwa na lori wakati wa jioni. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Alilala katika koma siku 19 bila kumjua mtu. Siku alipofungua macho, wamama walipiga vigelegele mpaka wauguzi wakawatoa nje. Aliporudi nyumbani alijua kula, alitembea kwa fimbo, lakini maneno yalikuwa yamempotea, na hasira ilikuwa karibu. Mwezi wa nne alianguka kifafa. Mganga alimpa fenobarbitali, akamwambia mke wake: kila jioni, bila kukosa, na msiache ghafula hata siku moja.

Kisha tukaja sisi kwa maombi ya siku saba. Nilikuwa mmoja wa waliosimamia maombi yale. Mtu mmoja kati yetu akasema kwamba vidonge vile ni alama ya mashaka, heri viwekwe mbali mpaka siku saba zitimie. Mke wa mgonjwa alinitazama mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa mkubwa kwa umri. Niliitika kwa kichwa. Sikusema neno. Akavitoa vidonge, akatukabidhi.

Usiku wa tatu kifafa kilimshika, kikamwachia, kikamshika tena kabla hajazinduka. Tulimbeba hospitali gizani. Aliokoka, Bwana asifiwe. Lakini maneno aliyokuwa ameyapata tena kwa miezi mingi, moja moja kama mtoto, mengine yalipotea usiku ule. Mke wake hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu: «Baba, ni kweli Mungu alikuwa amekasirishwa na kidonge?»

Sikuwa na jibu. Maneno yafuatayo ndiyo jibu langu. Limechelewa, lakini pengine litamsaidia mwingine.

1. Ubongo ni kiungo cha mwili

Mtu akivunjika mguu, hakuna kati yetu anayemwuliza kama plasta ni ukosefu wa imani. Tunamwombea, na plasta inabaki mahali pake. Kwa nini basi tunauliza neno hilo kwa ubongo? Nafikiri sababu ni hii: kusema, kukumbuka, kucheka, kukasirika, vyote hivyo tunavihesabu kuwa mambo ya roho peke yake. Tukiona vimeharibika tunafikiri roho ndiyo iliyoshikwa. Lakini Mungu aliyeumba mguu ndiye aliyeumba ubongo, naye ameamua kwamba roho ya mtu, siku zote anapokuwa katika mwili, itumie kiungo hicho. Mpiga ngoma hodari akipewa ngoma iliyopasuka, sauti itakuwa mbaya. Usimlaumu mpiga ngoma.

Kichwa kinapogongwa kwa nguvu, mambo matatu yanaweza kutokea. Damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu na kuubana ubongo. Ubongo wenyewe unaweza kuvimba. Na nyuzi ndogo sana zinazounganisha sehemu moja na nyingine zinaweza kuvutwa na kukatika. Sehemu ya ubongo iliyokufa haioti tena kama ngozi ya kidole. Lakini sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza kazi mpya. Ni kama daraja likivunjika katika kijiji: watu hawakai nyumbani mwaka mzima, wanatafuta njia nyingine porini. Siku ya kwanza ni majani matupu. Wakipita mara mia, inakuwa njia. Kupona kwa ubongo ni kukata njia ya namna hiyo. Kunachukua miezi, mara nyingine miaka.

Dawa inaingia wapi? Iko dawa ya saa za kwanza. Asidi ya traneksamiki, inayosaidia kusimamisha damu, ilipimwa kwa watu zaidi ya 12,000 katika nchi 29, na matokeo yakatangazwa mwaka 2019. Ikitolewa ndani ya saa tatu baada ya ajali, ilipunguza vifo kwa wenye jeraha jepesi na la katikati. Kwa waliojeruhiwa vibaya sana haikuonyesha faida. Ziko dawa za kuzuia mabaya yanayofuata, kama kifafa. Na ziko dawa zinazojaribiwa kuuamsha ubongo uliolala ili uanze kujifunza. Lakini mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kwamba inajenga upya sehemu ya ubongo iliyokufa. Anayekuuzia dawa na kukuambia hivyo, mwogope.

2. Dawa inayoharakisha, na swali lake

Tuangalie mfano mmoja wa dawa ya kuamsha. Jina lake ni amantadini. Haikutengenezwa kwa ajili ya ubongo. Katika miaka ya 1960 ilitumiwa kuzuia homa ya mafua. Mwaka 1968 mama mmoja wa Marekani, mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, aliimeza kwa ajili ya mafua, akaona viungo vyake vimelegea. Alipoiacha, vikakakamaa tena. Akamweleza mganga wake. Mganga angeweza kusema kwamba hayo ni mawazo ya mgonjwa tu. Hakusema hivyo, alisikiliza, akajaribu kwa wagonjwa wengine, na dawa ikapata kazi ya pili. Hapa tayari kuna fundisho: mara nyingine elimu huingia kwa mlango wa mtu mnyenyekevu aliyesikilizwa.

Baadaye waganga wakauliza kama dawa ile ingewasaidia walioumia kichwa na kubaki bila fahamu, ao na fahamu kidogo sana. Walichukua wagonjwa 184, katika vituo 11 vya nchi tatu, Marekani, Ujerumani na Denmark. Wote walikuwa wameumia kati ya wiki 4 na wiki 16 zilizopita, na wote walikuwa wakifundishwa mazoezi. Nusu walipewa amantadini kwa wiki 4, nusu walipewa kidonge kisicho na dawa ndani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Katika wiki zile 4, waliopewa dawa walirudi upesi kuliko wengine: kushika kitu, kufuata amri, kujibu ndiyo ao hapana. Lakini dawa ilipoachwa, mwendo wao ulipungua, na baada ya wiki 6 makundi mawili yalikuwa karibu mahali pamoja. Mwaka 2018 waganga wa ubongo wa Marekani waliiweka dawa hiyo katika mashauri yao kwa watu wazima wa namna hiyo.

Ndugu msomaji, hapa pana swali la moyo, si la hospitali tu. Kama mwishoni wote wanafika karibu mahali pamoja, je, dawa ni bure? Mwulize mama aliyekaa kando ya kitanda. Kusikia jina lake wiki mbili mapema si jambo dogo kwake. Na mgonjwa aliyeamka mapema anaweza kuanza mazoezi mapema. Lakini mwulize vilevile baba aliyeuza shamba ili kununua dawa akiamini kwamba dawa ndiyo itakayomrudisha mtoto. Kama angaliambiwa kwamba dawa inaongeza mwendo, lakini safari ni ileile, pengine angalibakiza feza za chakula na za mazoezi. Wote wawili wanastahili kuambiwa kweli kabla, si baada.

3. Dawa bila mkono wa kuinua

Sasa neno ambalo kwangu ni kiini cha makala hii. Mwaka 1982, huko Marekani, mtaalamu Dennis Feeney na wenzake walitangaza kipimo walichofanya kwa panya waliojeruhiwa sehemu ya ubongo inayoongoza miguu. Panya hao walipaswa kutembea juu ya ubao mwembamba. Waliopewa dawa moja, amfetamini, walirudi kutembea upesi. Lakini wale waliopewa dawa ileile, kisha wakazuiwa kutembea wakati dawa ilipokuwa ikifanya kazi, hawakupata faida ile. Dawa peke yake haikutosha. Mazoezi peke yake yalikwenda polepole. Viwili pamoja vilifungua njia.

Msinisikie vibaya. Siandiki haya ili mtu atafute amfetamini. Ni dawa ya hatari, na kwa watu haikuthibitishwa kwamba inafanya kama ilivyofanya kwa panya. Naandika kwa sababu ya fundisho lake. Dawa ya namna hii inafungua mlango kwa muda. Mgonjwa lazima apitishwe mlangoni na mkono wa mtu.

Basi tujichunguze. Wangapi kati yetu wananunua dawa, wanaiweka mezani, wanasema «nimemtimizia», kisha wanamwacha mgonjwa peke yake kutwa nzima akitazama ukuta? Na wangapi wanaweka mikono juu ya kichwa chake, wanasema «amina», kisha wanarudi nyumbani, na hakuna anayerudi kesho kumfundisha kushika kijiko? Wote wawili wamefanya kosa lilelile. Mmoja amejificha nyuma ya kidonge, mwingine amejificha nyuma ya sala. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kumbukeni kipofu wa Betsaida katika Marko 8. Bwana alimgusa, naye aliona, lakini aliona watu kama miti inayotembea. Bwana hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo, wala hakumwacha na miti yake. Alimgusa mara ya pili. Kama Mwana wa Mungu mwenyewe alikubali kuponya kwa hatua mbili, sisi ni nani hata tuchoke na ndugu anayehitaji hatua mia mbili?

4. Ushuhuda si ahadi

Katika kanisa letu tunapenda ushuhuda, na ni vizuri. Lakini tujue ushuhuda ni nini.

Katika Afrika ya Kusini kulikuwa na kijana aliyegongwa barabarani, akabaki miaka bila fahamu. Karibu na mwaka 1999 alipewa zolpidemu, dawa ya usingizi, ili atulie. Badala ya kulala, aliamka. Alisema na mama yake. Baada ya saa chache dawa iliisha nguvu, naye akarudi katika hali yake. Akipewa tena, anaamka tena. Waganga waliandika habari hiyo mwaka 2000. Ni kweli, haikuwa uongo. Jamaa nyingi katika dunia zilisikia na kuomba dawa hiyohiyo. Kisha waganga wakaipima kwa uangalifu kwa wagonjwa 84 wa namna hiyo, na mwaka 2014 wakatangaza: walioamshwa walikuwa 4. Wanne! Kwa wale wanne na mama zao ni jambo kubwa. Kwa wale 80 wengine haikuwa kitu.

Kijana yule wa Afrika ya Kusini alikuwa ushuhuda wa kweli. Hakuwa ahadi kwa kila mtu. Ushuhuda unasema: jambo hili limetokea. Ahadi inasema: litatokea kwako. Anayegeuza ushuhuda kuwa ahadi, awe mwuza dawa ao awe mhubiri, anachukua mali ambayo si yake.

Na tusifikiri kwamba waganga hawakosei. Kwa zaidi ya miaka 30, katika hospitali nyingi za dunia, walioumia kichwa walipewa kortikosteroidi, kwa kufikiri kwamba zinapunguza uvimbe wa ubongo na kuokoa maisha. Wengi waliamini, wengine walikuwa na shaka. Mwaka 1999 kipimo kikubwa kilianza, kikaingiza watu wazima zaidi ya 10,000. Mwaka 2004 kilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu matokeo yalitisha: katika wiki mbili za kwanza, kati ya kila watu 100 waliopewa dawa walikufa 21, na kati ya kila 100 wasiopewa walikufa 18. Dawa iliyotolewa kwa nia njema ilikuwa inaua.

Fikirini uzito wa jambo hilo. Mganga aliyeitoa miaka 20, akisoma habari ile, alijua kwamba kati ya watu aliowatibu wako waliokufa kwa mkono wake. Alikuwa na njia mbili: kukana, ao kubadilika. Walibadilika. Leo dawa hiyo haitolewi tena kwa jeraha la kichwa. Mimi niliposoma habari hiyo niliona haya. Waganga walijaribu neno lao wenyewe, wakalikuta lina kosa, wakalitangaza mbele ya watu wote. Mtume Paulo anatuagiza jambo lilelile katika 1 Wathesalonike 5:21: kupima yote, na kulishika lililo jema. Na sisi tuliposema «vidonge viwekwe mbali», nani alilipima neno lile? Lilisemwa kwa sauti ya unabii, na mimi nikaitika kwa kichwa.

5. Feza za jamaa

Jamaa iliyo katika huzuni haiulizi bei. Mtu anajua hilo, anakuja na dawa.

Katika farmasi nyingi zinauzwa dawa zinazoitwa chakula cha ubongo. Pirasetamu ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1964. Mpaka leo haikuthibitishwa kwamba inawarudisha walioumia kichwa katika kazi yao. Sitikolini ilipimwa Marekani kwa watu 1,213 walioumia ubongo, wakaimeza siku 90. Mwaka 2012 ilionekana haikuzidi kidonge kitupu. Projesteroni ilileta matumaini makubwa, lakini mwaka 2014 vipimo viwili vikubwa vilionyesha kwamba haikusaidia. Sisemi kwamba kila mwenye kuziandika ni mwizi. Mganga anaweza kuandika dawa kwa sababu anaona huruma kutoa mikono mitupu. Lakini huruma isiyosema kweli inaliacha sahani la watoto bila chakula.

Na tusitazame farmasi tu. Anayedai mbuzi ao sadaka maalum ili aombee kichwa kilichoumia, anafanya biashara ileile katika duka lingine. Msamaria katika Luka 10 alimwaga mafuta na divai katika majeraha, dawa za siku zile, akamfunga vitambaa, akampandisha juu ya mnyama wake, na mwishoni akalipa mwenye nyumba kutoka mfuko wake mwenyewe. Feza zilitoka kwake kwenda kwa mgonjwa. Hazikutoka kwa mgonjwa kuja kwake.

6. Hasira ya mgonjwa ni dhambi ya nani?

Kuna jambo linaloumiza nyumba nyingi na halisemwi. Ndugu aliyekuwa mpole, baada ya ajali anatukana mama mkwe, anacheka katika kilio, anasema maneno ya aibu mbele ya mchungaji. Watu wanasema: pepo. Wengine wanasema: ndiyo tabia yake iliyofichika, sasa imetoka.

Mwaka 1848, Marekani, msimamizi mmoja wa kazi ya njia ya treni, Phineas Gage, alipitishwa fimbo ya chuma katika fuvu, sehemu ya mbele, wakati baruti ilipolipuka. Aliishi. Lakini mganga wake aliandika kwamba rafiki zake hawakumwona tena kuwa Gage yuleyule: alikuwa mwenye matusi na asiye na subira. Watu wengi husimulia mpaka hapo tu. Lakini mwaka 1852 Gage alikwenda Chile, akafanya kazi miaka kadhaa ya kuendesha gari la kukokotwa na farasi, kazi inayodai saa, utaratibu na adabu kwa abiria. Kuna wataalamu wanaoona kwamba kazi ile ya kila siku ilimrudishia mengi. Aliporudi alishikwa na kifafa, na mwaka 1860 akafa, akiwa na miaka 36. Fenobarbitali ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912 tu. Mtu huyu alipata kazi ya kumjenga, akakosa kidonge cha kumlinda. Kijana wetu alikuwa na kidonge, na sisi tukakiondoa.

Basi je, matusi ya mgonjwa ni dhambi? Hakimu mwenye haki anamdai mtu kwa kadiri ya alichobaki nacho. Sehemu ya ubongo inayozuia ulimi ikijeruhiwa, ulimi unakimbia kama gari lisilo na breki barabarani. Usimhukumu mwendeshaji kama aliyekusudia. Lakini usimfanye mawe ao mti pia. Kadiri anavyopata nguvu, mrudishie wajibu kidogo kidogo: kuteka maji, kusalimu wageni, kuomba radhi. Kumdai yote ni ukatili. Kutomdai chochote ni kumzika akiwa hai.

Hapa tena dawa inatuuliza swali. Ziko dawa za kutuliza. Katika kipimo kilekile cha mwaka 1982, haloperidoli, dawa ya kutuliza, ilizuia maendeleo ya panya. Ndiyo maana mganga mwenye hekima haitoi ovyo kwa aliyeumia ubongo. Jamaa inapoomba «mpeni kitu alale», tujiulize kwa kweli: dawa hii ni kwa ajili yake, ao ni kwa ajili yetu? Mara nyingine ni kwa ajili yake, kwa maana anajiumiza. Mara nyingine tumechoka tu, na kuchoka si dhambi. Tuombe ndugu watusaidie zamu. Lakini kumfunga kamba ndani ya nyumba ya maombi siku nyingi, na kuita hayo ukombozi, hilo ni dhambi, nami nalisema wazi.

7. Pembe nne za mkeka

Marko 2 inatueleza juu ya mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne. Walipokosa njia mlangoni walipanda juu ya nyumba, wakatoboa, wakamshusha mbele ya Bwana. Maandiko yanasema Bwana aliiona imani yao, yaani imani ya wabebaji pia. Imani ile ilionekana namna gani? Kwa jasho, kwa kamba, kwa paa lililotobolewa. Haikuwa imani ya maneno tu.

Aliyejeruhiwa ubongo analala juu ya mkeka wenye pembe nne. Pembe ya kwanza imeshikwa na mganga na dawa yake. Ya pili imeshikwa na anayemfundisha kutembea na kusema. Ya tatu imeshikwa na jamaa inayompikia, inayomwosha na kumvumilia. Ya nne imeshikwa na kanisa katika sala. Mmoja akiachia, mgonjwa anaanguka, hata kama wale watatu wana nguvu sana. Na asiwepo mmoja anayepigia wengine makelele: ni mimi ninayembeba!

Mfalme Hezekia aliomba, na Mungu alisikia, akamtuma nabii Isaya kumwambia. Kisha nabii yuleyule akaagiza walete tini waziweke juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Mdomo uleule ulitamka neno la Mungu na kuagiza dawa, na nabii hakuona haya. Basi jibu kwa yule mama ni hili: hapana, Mungu hakukasirishwa na kidonge. Kama kulikuwa na hasira, ilikuwa juu ya mimi niliyenyamaza.

Kwa hiyo nawasihi mambo haya:

Mtu akiumia kichwa, akazimia, ao akatapika, ao akachanganyikiwa, apelekwe hospitali saa ileile. Tutamwombea njiani. Dawa ya damu ina saa tatu tu. Maombi hayana saa.

Mtu asimwachishe mgonjwa dawa ya kifafa, hata siku moja, bila neno la mganga. Hata mganga anapoiondoa, huipunguza polepole.

Mtu asimpe mgonjwa dawa ya jirani, ao ya sokoni, ao aliyoisikia katika ushuhuda, bila kumwuliza mganga. Na ukiwa mbele ya mganga, usiogope kuuliza: dawa hii inafanya nini? Imepimwa? Mpaka lini? Na nikiikosa, nitapoteza nini?

Kila kundi la maombi lipange zamu, mtu mmoja kila siku, si kwa kuhubiri, bali kwa kumtembeza, kumtajia majina ya vitu, kumpa mke wake saa mbili za usingizi.

Kijana wetu anaishi. Anatembea bila fimbo. Hawezi tena kuendesha pikipiki, lakini anauza mafuta ya taa mbele ya nyumba yake, na hesabu anaijua. Anameza kidonge chake kila jioni, na mke wake anasema sala fupi kabla hajakimeza, kama tunavyofanya mbele ya chakula. Mimi hupita siku ya tano ya juma. Tunataja majina ya vitu. Juma lililopita neno «daraja» lilimpotea, akalitafuta muda mrefu, nami nikangoja bila kumsaidia, kama nilivyofundishwa. Likaja. Alicheka, nami nikamshukuru Mungu.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi nyote. Amina.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika kundi letu, ni mgonjwa gani tuliyemwombea na ambaye hatukurudi kumtembelea?
2. Tofauti gani iko kati ya ushuhuda na ahadi? Mmekwisha kuona mtu aliyeumizwa kwa kuchanganya mambo hayo mawili?
3. Neno likisemwa kwa sauti ya unabii kuhusu maisha ya mgonjwa, nani anapaswa kulipima, na namna gani?
4. Ninyi mnashika pembe gani ya mkeka? Nani ameshika peke yake, na amechoka?